Kichupa Kinaonekana Kitupu: Kufungua, Kuhifadhi na Kupima Kimeng'enya cha Bakteria

"Shikamoo mwalimu. Kimeng'enya kimefika ila kichupa ni kitupu. Tumeibiwa?"

Kila msimu wa tafiti za wanafunzi ukianza, ujumbe wa namna hii naupata, na jibu langu halibadiliki: hamjaibiwa, msikifungue, kaeni kwanza. Nyuma yake hufuatana maswali mengine. Niyeyushe kwa maji au kwa bafa (myeyusho unaozuia pH isiyumbe)? Niweke friza ipi? Mbona jana kilifanya kazi, leo kimegoma? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, ili siku nyingine nikiulizwa nikutumie hii uisome ukiwa umetulia.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: malati dihidrojenasi ya bakteria *E. coli*, maarufu kwa kifupi MDH. Nimeichagua kwa sababu ni kali, kipimo chake hakihitaji kemikali za ajabu, na matokeo unayaona palepale kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga uliofyonzwa na myeyusho. Ukiimudu hii, vimeng'enya vingine vya umetaboli wa bakteria utavishika kwa utaratibu unaofanana, ukibadilisha substrati (kemikali ambayo kimeng'enya huifanyia kazi), bafa na namna ya kupima.

Nadharia ni hii tu. Kimeng'enya rikombinanti ni kile ambacho jeni yake imetolewa kwa kiumbe kimoja, ikapachikwa kwenye seli zinazokua kwa urahisi, zikakizalisha kwa wingi, kisha kikasafishwa. MDH hubadilisha malati kuwa oksaloasetati na kurudi, ikishirikiana na NAD, molekuli msaidizi inayobeba elektroni; ikiwa imezibeba huitwa NADH. Kwa asili mzani wa mmenyuko huu umeelemea upande wa malati. Kwa hiyo kwenye kipimo tunaanzia upande wa oksaloasetati na kuangalia NADH ikiliwa. NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340, ila NAD haifyonzi. Mstari ukishuka, kimeng'enya kinafanya kazi.

Karatasi kabla ya kichupa

Kila kichupa huja na karatasi ya maelezo, au angalau namba ya toleo ya kuitafutia karatasi hiyo. Watu huitupa pamoja na boksi. Usiitupe. Haya ndiyo ya kuyasaka humo.

Kwanza, tofautisha kiumbe chenye jeni na kiumbe kilichozalisha. Utakuta imeandikwa kwamba protini ni ya *E. coli* lakini imezalishwa kwenye hamira, au kwenye seli za wadudu. Hakuna kosa hapo: jeni ni ya mmoja, kiwanda ni cha mwingine. Kwenye katalogi utakuta pia MDH ya *E. coli* K12, ya O157:H7, ya O6 na kadhalika. Kuna mwanafunzi aliona O157:H7, akakumbuka somo la sumu ya chakula, akakataa kabisa kukishika kichupa. Ndani hamna bakteria hai, ni protini iliyosafishwa, na herufi zile zinataja tu aina ya bakteria ambayo mfuatano wa jeni ulichukuliwa kwake. Vaa glavu kama kawaida ya maabara, basi.

Pili, angalia urefu na mkia. MDH kamili ya *E. coli* K12 ina amino asidi 312, na kwenye hifadhidata ya UniProt namba yake ni P61889. Uzito wake ni kilodaltoni 32 na ushei, na hufanya kazi ikiwa jozi. Karatasi ikisema ni kipande tu cha protini, usitarajie utendaji. Ikisema ina mkia wa histidini (amino asidi chache zilizoongezwa ili kurahisisha usafishaji), jua kwamba kwenye jeli, ile inayotenganisha protini kwa uzito, itakaa juu kidogo ya 32.

Tatu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea: usafi si utendaji. "Usafi zaidi ya asilimia 85 kwa jeli" maana yake ni kwamba protini nyingi iliyomo ni hiyo uliyoagiza. Haisemi kama iko hai. Protini iliyokufa na iliyo hai hukaa mstari mmoja kwenye jeli kama mapacha. Kama karatasi haitaji uniti (kipimo cha utendaji) kwa miligramu, mwenye kuuza hajakuahidi kwamba kinafanya kazi, na ukija kulalamika baadaye huna pa kushika. Ulizia utendaji kabla ya kulipa.

Nne, soma kilichochanganywa humo. Poda nyingi hukaushwa pamoja na sukari ya trehalosi. Ule utando mweupe unaouona, au usiouona, mara nyingi ni sukari na chumvi za bafa. Protini yenyewe ni mikrogramu 20, 50 au 100, na mikrogramu 100 hazijazi hata ncha ya pini. Kichupa hakijawahi kuwa kitupu, kaka.

Andaa hivi kabla hujagusa chochote

- Sentrifuji ndogo ya tyubu za mililita 1.5
- Mikropipeti zilizokaguliwa, na tipu safi
- Tyubu ndogo ambazo protini haijibandiki ukutani, kama zinapatikana
- Maji safi ya maabara yaliyotakaswa
- Gliseroli safi iliyotakaswa kwa joto la otoklevu
- Bafa ya Tris-HCl ya milimola 50 (kwa lita, na hivyo kwa kila milimola ya myeyusho hapa chini), pH 8.0
- NADH (chumvi ya sodiamu) na asidi oksaloasetiki
- Albumini ya ng'ombe, ile BSA
- Ndoo ya barafu iliyojaa, si vipande vitatu vinavyoelea
- Spektrofotomita inayofika nanomita 340, na kyuveti (vikombe vidogo vya kupimia) za sentimita 1
- Kalamu isiyofutika na daftari

Swali la kyuveti huulizwa kila mara: je, lazima ziwe za kwatzi (quartz)? Kwa nanomita 340 hapana. Plastiki ya kawaida inatosha. Kwatzi utaihitaji ukipima protini kwa nanomita 280.

Kuhusu Tris: pH yake hupanda ikipoa na hushuka ikipata joto, takriban 0.03 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ukiirekebisha ikiwa 8.0 kwenye nyuzi 25 kisha ukaitumia kwenye barafu, unafanya kazi kwenye pH 8.6 bila kujua. Rekebisha pH kwenye joto utakalopimia.

Hatua kwa hatua

1. Pokea na kagua. Andika tarehe, saa na hali ya kifurushi. Je, barafu kavu bado ipo? Pakiti za barafu zimeyeyuka? Piga picha, maana ukija kudai fidia picha ndiyo shahidi wako. Kama ni poda kavu, siku chache za kuzunguka forodhani kwa kawaida haziiui. Kama ni kimiminika kilichotakiwa kuja kimeganda na kimekufikia cha uvuguvugu, usikiweke friza ukasahau. Kipime siku hiyohiyo. Ndiyo maana mimi, nikijua mzigo utakaa njiani, huagiza poda hata kama kimiminika kipo.

2. Kiache kizoee joto kikiwa kimefungwa. Poda iliyotoka friza ikifunguliwa ingali baridi huvuta unyevu wa hewani, na hewa ya Dar au Mombasa ina unyevu wa kutosha kulowesha biskuti. Subiri dakika 15 hadi 20. Kama ni kimiminika kilichoganda, kinyume chake: kiache kiyeyukie kwenye barafu taratibu, wala si mkononi au kwenye maji ya moto.

3. Kizungushe kabla ya kufungua. Kiweke kwenye sentrifuji, dakika moja kwa kasi ya kama g 10,000 (mara 10,000 ya nguvu ya uvutano). Poda hukwama kwenye kifuniko safarini. Nimeshuhudia kichupa kikifunguliwa bila kuzungushwa, chini ya pangaboi linalozunguka. Kilichotoka ni unyoya mmoja mweupe, ukapaa, ukaenda zake. Sisi wanne tukabaki tunatazama dari. Hata ukiona hakuna kitu, zungusha. Na zima feni.

4. Rudishia maji. Fuata karatasi. Nyingi huelekeza maji safi hadi upate kati ya miligramu 0.1 na 1.0 kwa mililita. Kwa kuwa bafa tayari imo ndani ya poda, maji matupu yanatosha, na ukiongeza bafa nyingine unarundika chumvi juu ya chumvi. Tuseme una mikrogramu 100. Ongeza mikrolita 100 za maji, ukiziteremshia ukutani mwa kichupa. Sasa una miligramu 1 kwa mililita.

Usitikise. Usiweke kwenye voteksi (mashine ya kutikisa tyubu). Usipulize mapovu kwa pipeti. Povu ni adui wa protini: pale maji yanapokutana na hewa, protini hukunjuka ikaharibika, na povu ni hewa tupu iliyofungwa kwa maji. Kigeuzegeuze polepole, kiache kwenye barafu dakika 10, kisha kizungushe tena kwa sekunde chache. Maji yakiwa na ukungu, sentrifuji kwa dakika 5 na uchukue ya juu, lakini andika daftarini kwamba kulikuwa na mashapo, maana kipimo cha miligramu kwa mililita hakiaminiki tena.

5. Ongeza gliseroli. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi hukosea mara mbili kwa mpigo.

Kosa la kwanza ni la mkono. Gliseroli ni nzito kama asali. Ukivuta kwa haraka pipeti inabeba hewa, na uliyodhani ni mikrolita 100 huenda ni 70. Kata ncha ya tipu kwa mkasi safi, vuta polepole, subiri ipande hadi ikome, futa nje ya tipu, kisha sukuma polepole zaidi. Kama una mizani nzuri, achana na pipeti kabisa: mililita moja ya gliseroli ina gramu 1.26, kwa hiyo mikrolita 100 ni miligramu 126.

Kosa la pili ni la hesabu. Ukiongeza mikrolita 100 za gliseroli kwenye mikrolita 100 za kimeng'enya, una asilimia 50 ya gliseroli, sawa, lakini kimeng'enya nacho kimepungua nusu. Si miligramu 1 tena, ni 0.5 kwa mililita. Andika hiyo kwenye tyubu. Nimeona ripoti nzima ya utafiti ikiwa na utendaji nusu ya unaotakiwa kwa sababu ya mstari huu mmoja.

Kwa nini asilimia 50? Kwa sababu mchanganyiko huo haugandi kwenye nyuzi -20. Unabaki kimiminika kizito. Kisichoganda hakina cha kuyeyuka, na kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara ndiko kunakoua vimeng'enya vingi. Sasa fikiria maabara ambayo umeme hukatika, jenereta hukawia, na hakuna anayejua friza ilifika nyuzi ngapi usiku. Kwa mazingira hayo ninaamini zaidi gliseroli kwenye -20 kuliko maji matupu kwenye -80. Wenye maabara za umeme wa uhakika watabishana nami, na wana haki yao.

6. Gawa. Usiache vyote kwenye kichupa kimoja. Weka mikrolita 10 au 20 kwenye kila tyubu ndogo, kiasi cha siku moja ya kazi. Andika jina, mkusanyiko, tarehe na herufi za jina lako. "Enz 1" si jina. Miezi mitatu ikipita hata wewe hutajua ni nini.

7. Hifadhi. Tyubu moja ya kutumia wiki hii ikae kwenye nyuzi 4. Zilizobaki ziende -20 au -80. Jihadhari na friza za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe. Kukosa barafu ukutani kunapendeza macho, ila ili ipatikane hali hiyo friza hujipasha joto kila baada ya muda. Niliwahi kupoteza tyubu kumi na mbili za kimeng'enya kisichokuwa na gliseroli kwa friza ya namna hiyo, na nilihangaika na bafa wiki mbili kabla ya kumshuku mhalifu. Kama huna nyingine, weka tyubu ndani ya boksi la povu katikati ya pakiti za barafu, chini kabisa, mbali na mlango.

Onyo la pembeni: MDH ya moyo wa nguruwe, inayouzwa miaka mingi na inayofaa sana kama kontroli (kipimo cha kulinganishia), mara nyingi huja ikiwa imeelea kwenye amonia salfeti. Hiyo usiigandishe. Inakaa nyuzi 4, na kabla ya kuvuta unaigeuza polepole ichanganyike.

8. Tengeneza NADH na oksaloasetati, asubuhi ya kipimo. Si jana.

NADH ya milimola 10: miligramu 7.1 kwa mililita 1 ya bafa ya Tris. Iweke kwenye barafu, ifunike kwa karatasi ya alumini. NADH huharibika kwenye asidi, kwa hiyo usiiyeyushe kwa maji yasiyojulikana pH yake.

Oksaloasetati ya milimola 10: miligramu 13.2 kwa mililita 10 za maji baridi. Iweke kwenye barafu. Hii ndiyo dhaifu kuliko zote mezani. Hutoa kaboni dioksidi na kugeuka pairuveti polepole hata ikiwa kwenye barafu, na metali huichochea. Usihifadhi iliyobaki kwa ajili ya kesho.

9. Punguza kimeng'enya. MDH ni kali mno. Ukiitia ilivyo, NADH yote inaliwa kabla hujafunga mfuniko wa mashine, unaona mstari umelala chini, unadhani kimeng'enya kimekufa kumbe kimemaliza kazi. Punguza mara 500: mikrolita 2 kwenye mikrolita 998 za Tris baridi yenye BSA ya miligramu 1 kwa mililita. BSA ni ya lazima. Protini ikiwa chache hivyo hujibandika kwenye plastiki, na bila BSA ya kuzifunika kuta, unapima kilichobakizwa na tyubu. Tumia ndani ya saa moja, kisha mwaga.

10. Pima. Washa taa ya mashine nusu saa kabla. Weka nanomita 340, sifuri kwa bafa tupu. Kwenye kyuveti tia kwa mpangilio huu:

- Tris, pH 8.0, joto la chumba: mikrolita 955
- NADH: mikrolita 15
- Oksaloasetati: mikrolita 20

Soma. Ufyonzaji unatakiwa uwe karibu na 0.93, kwa sababu NADH hapa ni milimola 0.15 na kigawo chake ni 6.22 kwa kila milimola. Ukisoma 0.6, simama. NADH yako ni mbovu au mizani imekudanganya, na usiende mbele kwa matumaini.

Iache dakika moja uone mstari unavyoteleza wenyewe. Kateremko kadogo ni kawaida. Kaandike. Kisha tia mikrolita 10 za kimeng'enya ulichopunguza, ziba kyuveti kwa kipande cha parafilmu, ipindue mara mbili, irudishe mashineni kwa haraka. Rekodi kila baada ya sekunde 10 kwa dakika mbili. Rudia mara tatu.

Usisahau kontroli mbili: moja isiyo na kimeng'enya (blanki), nyingine yenye kimeng'enya bila oksaloasetati. Hiyo ya pili ikishuka, ndani ya maandalizi yako kuna kitu kingine kinachokula NADH, nacho si MDH.

11. Piga hesabu. Uniti moja ni mikromola moja ya NADH inayotumika kwa dakika. Tuseme mstari umeshuka 0.068 kwa dakika, na kabla ya kimeng'enya ulikuwa unashuka 0.006. Toa: 0.062. Gawa kwa 6.22: unapata milimola 0.01 kwa lita kwa dakika, yaani mikromola 0.01 kwenye mililita yako moja. Hiyo ni uniti 0.01, na imetoka kwenye mikrolita 10, kwa hiyo ulichopunguza kina uniti 1 kwa mililita. Zidisha mara 500: akiba yako ina uniti 500 kwa mililita. Gawa kwa 0.5, ule mkusanyiko tulioandika baada ya gliseroli: uniti 1,000 kwa miligramu.

Namba hizi ni za mfano wa hesabu. Yako ilinganishe na karatasi yako, ukiangalia pia karatasi ilipima kwa joto gani. Chumba cha nyuzi 31 na chumba cha nyuzi 25 havitatoa jibu moja, kwa hiyo joto liandike kila mara.

Fanya kipimo hiki siku ileile ya kurudishia maji. Namba ya siku ya kwanza ndiyo utakayoilinganisha na za baadaye. Ukiikosa, miezi miwili baadaye kimeng'enya kikidhoofika hutajua kama kilikuja kibovu au umekiharibu mwenyewe.

Usifanye haya

Usipime kwenye sahani ya visima 96 ukatumia hesabu ya sentimita 1. Urefu wa njia ya mwanga humo unategemea ujazo wa kisima. Tafuta urefu wako kwa NADH unayoijua kiasi.

Usiongeze oksaloasetati ukidhani ndiyo itakimbiza mmenyuko. Ikizidi, humzuia MDH badala ya kumsaidia.

Usichukue kimeng'enya kilichozalishwa ndani ya *E. coli* ukakimwagia seli za binadamu au za mnyama kabla ya kujua kiasi cha endotoksini. Mabaki ya ukuta wa bakteria hutibua seli hizo, na utaandika makala kuhusu MDH kumbe ulikuwa unapima uchafu. Wala vichupa hivi si dawa au vipimo vya wagonjwa. Vimetengenezwa kwa ajili ya utafiti tu.

Kikigoma

*Mstari haushuki kabisa.* Anza na oksaloasetati. Tengeneza mpya, jaribu tena. Zaidi ya nusu ya kesi nilizoletewa ziliishia hapo. Bado? Tia kontroli ya moyo wa nguruwe. Ikifanya kazi, vitendanishi ni vizima na tatizo ni kichupa chako. Isipofanya kazi, tatizo ni meza yako. Kabla ya kukata tamaa, jaribu kimeng'enya kilichopunguzwa mara 50 tu badala ya 500.

*Ufyonzaji unaanza chini, 0.1 hivi, na umelala.* Kimeng'enya ni kingi. Punguza mara 5,000.

*Unashuka vizuri, kisha unasimama ghafla katikati.* Oksaloasetati imeisha kabla ya NADH, maana yake ilikuwa imeshaharibika na kiasi halisi ni kidogo kuliko ulichoandika.

*Marudio matatu, majibu matatu.* Mikrolita 2 zenye gliseroli ni ngumu kuvuta sawasawa. Punguza kwa awamu: kwanza mikrolita 10 kwenye 90, halafu 10 kwenye 490. Angalia pia kama unageuza kyuveti sawasawa kila mara.

*Kilifanya kazi wiki iliyopita, leo robo tu.* Uliza nani alifungua friza, umeme ulikatika lini, na tyubu hii imeshatolewa mara ngapi. Fungua tyubu ambayo haijaguswa. Ikiwa nzima, umepata jibu.

*Jeli inaonyesha mstari mzuri ila utendaji hakuna.* Rudi kwenye lile la usafi na utendaji. Protini ipo, lakini huenda imekunjwa vibaya au imekufa njiani. Mwandikie muuzaji, ambatisha kipimo chako pamoja na kontroli. Bila kontroli hawatakusikiliza.

*Kipimo cha Bradford (cha rangi, kinachopima jumla ya protini) kinasema protini ni nyingi kuliko lebo.* Soma viambato. Kama muuzaji aliongeza albumini ya kulinda kimeng'enya, Bradford inaihesabu nayo.

Yule wa "tumeibiwa" alifuata hatua hizi mwaka huo. Saa kumi jioni akanitumia picha ya skrini, mstari umeteremka umenyooka kama reli, na chini yake ameandika: "Mwalimu, mbona inashuka? Nimekosea wapi?"

Nikamjibu: "Hujakosea. Nipe namba ya blanki."